Gharama ya Kukifuta Kisanduku cha Faksi

Dawati la Wateja,
Ghorofa ya chini, mkabala na chumba cha chai.

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Kutengeneza Majokofu na Mashine za Kufulia,
Ghorofa ya juu.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA SIFURI ILIYOANDIKWA KWENYE TATHMINI YA GHARAMA ZA KUHAMISHA KANZIDATA YA WATEJA

Kwanza kabisa nakusalimu kwa heshima zote zinazostahili cheo chako, nikitumaini kwamba u mzima wa afya, wewe na mama wa nyumbani kwako, na watoto, na lile gari lako ambalo juzi nililisikia likikohoa pale getini. Mimi huku chini sijambo, isipokuwa kwa hayo nitakayoyaeleza. Ninapenda kila jambo liende kwa hatua zake: salamu kwanza, utangulizi baadaye, kisha ndipo shida yenyewe. Wapo wanaosema kwamba naanzia mbali. Siwalaumu, hawakulelewa na bibi yangu.

Utangulizi ni huu. Kama ujuavyo, taarifa zote za wateja wetu, yaani hiyo kanzidata, zinakaa kwenye mfumo wa zamani, ule uliomo ndani ya kompyuta iliyo nyuma ya chumba cha chai, yenye feni yake pembeni na karatasi iliyobandikwa juu: USIZIME HATA UKIAMBIWA. Ofisi yako imeamua taarifa hizo zihamie kwenye mfumo mpya ambao, kwa maelezo niliyopewa, haukai kwenye chumba chochote. Sikuuliza zaidi. Ukaleta mtaalamu apime kuhama huko kutagharimu nini. Ni kijana mpole, ana begi la mgongoni na adabu nzuri, ila sisi wa huku chini tumempa jina la Bwana Inategemea, kwa sababu ukimuuliza gharama ya jambo lolote ndivyo anavyojibu. Dada wa mapokezi alimuuliza kama anatumia sukari kwenye chai. Akafikiri kidogo, akasema inategemea.

Sasa mtu huyuhuyu asiye na hakika hata na sukari amefika kwenye kurasa za mwisho za tathmini yake, akaandika bila kusitasita: "Kisanduku cha Faksi: hakitumiki. Kifutwe. Gharama: sifuri."

Ndugu Mkurugenzi, nimekaa kwenye dawati hili tangu enzi za viti vya chuma. Nimetukanwa na wateja kwa simu, ana kwa ana, na mara moja kwa kupitia dirisha la basi lililokuwa likiondoka. Hakuna kilichowahi kunichoma kama ile sifuri. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili yasikuchoshe.

1. KWAMBA KISANDUKU CHA FAKSI NDICHO KINACHOTUMIKA KULIKO VYOTE

Naomba ujue jinsi tathmini ilivyofanyika. Bwana Inategemea alisimama katikati ya ofisi akauliza kwa sauti kama tuna mashine ya faksi. Sote tukasema hatuna. Na ni kweli hatuna, wala hatujawahi kuwa nayo. Akaandika, akasogea mbele. Swali la pili hakuuliza, na sisi kwa malezi yetu hatukupenda kumjibu mgeni swali ambalo hakuliuliza.

Angeuliza, angeambiwa hivi. Waliotengeneza mfumo wa zamani walitupa kisanduku cha jina, cha simu, cha mtaa, cha aina ya jokofu, na cha faksi. Basi. Hawakuweka mahali pa kuandika kwamba mteja ana mbwa. Fundi aingie nyumba ya watu hajui kuna mbwa? Siku moja mwenzetu mmoja, ambaye sasa amestaafu, aliona kisanduku cha faksi kimekaa bure mbele ya kila jina, akaandika humo "Mbwa". Hakuna aliyemkataza. Baadaye mwingine akarekebisha, "Mbwa wawili". Tangu hapo kisanduku hicho ndicho macho ya kampuni hii. Nakutolea mifano michache tu, kama ilivyo:

"Mbwa hafungwi. Bata naye hafungwi"
"Pita mlango wa nyuma. Wa mbele ni pambo"
"Atasema haijawahi kuguswa. Imeguswa"
"Friji nzima. Anataka mtu wa kuongea naye"
"Mume asijue bei"
"Mke asijue bei"

Hizo mbili za mwisho ni nyumba moja na jokofu moja. Kila mmoja kajiandikisha kwa simu yake, na fundi wetu kwa msaada wa Faksi huwatajia kila mmoja bei kwa wakati wake, wakiwa vyumba tofauti. Ndoa ile ina amani kubwa. Nani katika kampuni hii anaweza kuniambia kwamba amani hiyo ina thamani ya sifuri?

Tena jambo hili si la kufikirika. Yupo mfanyakazi wa muda aliyewahi kuletwa hapa, akaona maneno kwenye kisanduku cha namba, akadhani tumekosea. Akajitolea kutusaidia. Akafuta mtaa mzima. Siku hiyohiyo Fundi Baridi, fundi wetu mkuu, mtu ambaye hubeba kompresa begani huku akipiga mluzi, alitumwa kwenye ile nyumba ya bata bila onyo lolote. Alirudi ofisini amejifunga boksi la jokofu kiunoni, hakumsalimia mtu, akakaa chumba cha chai akiangalia ukuta. Suruali haikuonekana tena. Na mteja naye alipiga simu kulalamika kwamba bata wake amegoma kutaga. Hayo ni matokeo ya kufuta mtaa mmoja tu. Bwana Inategemea anataka kufuta mji.

2. KWAMBA DATA YETU IMEITWA CHAFU

Kwenye tathmini hiyohiyo, gharama kubwa kuliko zote imeandikwa kuwa ni ya "kusafisha data chafu". Neno hilo lilitufedhehesha. Dada wa mapokezi alifuta meza yake mara mbili. Mama wa usafi, aliposikia kwamba fungu kubwa hivyo limetengwa kwa ajili ya usafi, alikuja na ndoo yake na uso wa bashasha akauliza aanzie wapi, na mimi ndiye niliyetwishwa kazi ya kumwambia kwamba fungu hilo si lake. Hajanisamehe. Dawati langu sasa linafagiliwa kwa kuzungukwa.

Nilimwomba Bwana Inategemea anieleze uchafu wenyewe uko wapi. Akanionyesha mama mmoja aliyeandikishwa mara nne. Nikamweleza kwamba huyo mama ana tabia nne. Akiwa na haraka hutumia jina la kwanza, akiwa na deni hutumia jina la mumewe, akitaka punguzo hutumia jina la kanisani, na akiwa amekasirika hujiita "mwenye nyumba" na kukata simu. Ukimuunganisha akawa mmoja, utakuwa umetengeneza mtu ambaye sisi hatumjui na yeye mwenyewe hajitambui. Kijana akaniangalia, akasema kwamba kumuunganisha kunagharimu. Nikauliza kiasi gani. Jibu unalijua.

Sasa naomba unifuate taratibu. Ikiwa vilivyo vichafu vinahitaji gharama kubwa kusafishwa, na kisanduku cha Faksi hakihitaji hata senti, basi kwa hesabu yake mwenyewe kisanduku cha Faksi ndicho kitu kisafi kuliko vyote tulivyo navyo. Na ndicho anachotaka kukitupa.

3. KWAMBA MIMI NAONGEA NA MKE WANGU HUMO

Hapa, Ndugu Mkurugenzi, naingia kwenye jambo la nyumbani. Ningeweza kulificha, lakini tathmini isiyo na ukweli wote ndiyo iliyotufikisha hapa.

Unamfahamu mke wangu. Ni mtunza ghala letu la vipuri kule upande wa pili wa mji, yule ambaye hakuna fundi anayeondoka na hata skrubu bila kusaini. Sisi wawili kwa sasa hatuongei. Chanzo ni jokofu la nyumbani kwetu. Liliacha kugandisha. Mke wangu akasema niite fundi. Mimi nikasema, na sauti yangu bado naisikia, kwamba Mkuu wa Dawati la Wateja wa kampuni ya majokofu hawezi kuita fundi kwa ajili ya jokofu lake, watu watasemaje. Akanijibu, "Dawati, baba. Si spana." Nikachukua spana. Nililifungua jokofu kwa nyuma, likatoa sauti kama ya mtu aliyechoka, gesi yote ikaondoka, na tangu siku hiyo ni kabati. Tunaweka sahani. Ukilifungua, taa inawaka bado, na hilo ndilo linalomuudhi zaidi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinyamaza tu, na mimi nikanyamaza kwa kumsubiri, na kimya kikatuzoea. Nyumbani tunapishana kwa heshima kama wapangaji. Simu zangu hapokei. Hapo ndipo siku moja, nikiwa na jambo la dharura kuhusu ufunguo wa mlango, nilipokumbuka kwamba yeye na mimi tunatumia mfumo uleule. Yupo humo mteja anayeitwa Mteja wa Majaribio, aliyewekwa na wale waliotufungia mfumo. Hana nyumba, hana simu, hana jokofu. Hakuna anayemfungua. Nikaandika habari za ufunguo kwenye kisanduku chake cha Faksi. Baada ya chakula cha mchana nikafungua, nikakuta jibu.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Fundi Baridi aliniuliza kama nimeteguka.

Tangu siku hiyo tunaandikiana humo. Kisanduku kinabeba ujumbe mmoja tu: mimi nikiandika wa kwake unaondoka, yeye akiandika wangu unaondoka, kwa hiyo maneno yake nayaweka kichwani. Na nakwambia kweli, humo ndani mke wangu ni mtu mwingine. Ule ukali wa ghalani sijauona. Hata sentensi hamalizi. Huanza vizuri kabisa, kisha hisia zinamzidi, anakatisha neno katikati kama mtu aliyeshikwa na kwikwi. Aliwahi kuniandikia:

"Chakula kipo mezani kimefunikwa na ukiki"

Akaishia hapo. Ukiki! Nilikula chakula kile machozi yakinilenga. Siku nyingine:

"Nimekusikia unakoroma nikakumbuka siku i"

Siku ipi, hakusema. Mimi najua ni ya harusi. Na siku moja nilipofungua nikaona ameandika "Mama yako amepiga simu akasema wewe tang", nikafumba macho, maana katika maisha yetu yote habari za mama hazijawahi kuisha kwa chini ya saa nzima. Nilipofumbua, zilikuwa zimeishia pale. Amejizuia! Kisanduku chenyewe ni chembamba, upana wake kama kidole, na nina imani kwamba wembamba huo ndio unaomlainisha mtu. Mshauri wa ndoa hawezi kufanya hivyo, na tulishamwendea, akaishia kuomba maji.

Nami kwa upande wangu sikukaa kimya. Kila asubuhi, kabla simu hazijaanza kulia, nimekuwa nikimwandikia kuomba msamaha. Msamaha kamili, Ndugu Mkurugenzi, wenye adabu zake zote. Nimekiri kwamba nilikosea kuhusu jokofu, kuhusu spana, na kuhusu yale niliyosema juu ya kaka yake, ambaye hakuhusika kabisa. Sijawahi katika maisha yangu kumwomba mtu msamaha namna ile. Ajabu ni kwamba hajibu hoja. Ananijibu mambo mengine, au anauliza kama nimelipia maji. Nimejipa moyo kwamba kidonda cha namna hiyo hakiponi haraka. Juzi akaandika hivi:

"Mimi sitaki friji nataka mtu aseme tu ni"

Aseme tu ni nini? Nimekaa na hilo "ni" usiku na mchana. Nimelipeleka kwa Fundi Baridi, naye akaniuliza kama amemaanisha "ni gesi". Sina pa kupata jibu isipokuwa kwake mwenyewe, na jibu hilo litakuja kwa Faksi. Sasa Bwana Inategemea ameandika kwamba mfumo utasimamishwa mwisho wa wiki hii, na ukiwaka tena kisanduku hakitakuwepo. Msamaha wangu utakuwa umefungiwa ndani, na "ni" lake litakuwa nje. Katika safu ya hasara, ameandika: "Hakuna."

4. KWAMBA TUNAPEWA KISANDUKU KISICHO NA KIKOMO

Nilipompelekea kijana pingamizi la mdomo, alifurahi, akaniambia nisiwe na wasiwasi, kwani mfumo mpya una kisanduku kinachoitwa Maelezo, na humo mtu anaandika apendavyo bila kikomo. Alilitamka neno hilo kama anayetoa zawadi. Bila kikomo!

Nakuomba ukae chini kabla hujaendelea. Umewahi kusoma ripoti ya Fundi Baridi ya jinsi alivyotengeneza mashine ya kufulia? Kwa mdomo ni mtu wa maneno machache, lakini mpe kalamu uone. Barua yake ya kuomba likizo ilikuja na ramani. Tukimpa kisanduku kisicho na kikomo, neno "Mbwa" litageuka kuwa maisha ya mbwa, wazazi wa mbwa, na maoni ya jirani juu ya mbwa, na fundi anayekwenda hataona sehemu iliyoandikwa anauma.

Na hiyo ni hasara ya kampuni tu. Ya kwangu nieleze vipi? Mke wangu, kwa wembamba wa Faksi, amefika kwa mama yangu akajizuia. Mkimpa uwanja usio na ukuta, nani atamzuia? Ataendelea tangu pale alipoishia. Atamaliza habari za mama. Ataingia kwa dada zangu. Atarudi kwenye ile safari ya msibani ambako nilisahau viatu. Bwana Inategemea ameandika kwamba kisanduku cha Maelezo "kinakuja bure pamoja na mfumo". Kwake ni bure. Mimi ndiye nitakayekisoma.

5. KWAMBA, KWA SABABU HIZO, GHARAMA IHESABIWE UPYA, NA MAOMBI YANGU

Sikatai kuhama. Nimeshahama nyumba, najua kunavyokuwa. Anayekuja kupima gharama huhesabu vitanda, meza na makochi, akakupa bei ya lori. Kumbe kilichokuwa kinaifanya nyumba ikalike ni ule msumari mmoja nyuma ya mlango ambao kila mtu alitundika funguo zake, na hakuna anayeukumbuka mpaka siku ya kwanza kwenye nyumba mpya, watu wote wamesimama nje. Bwana Inategemea amehesabu makochi yetu vizuri sana. Msumari ameupa sifuri.

Kwa hiyo nimefanya tathmini yangu, ambayo naomba iambatanishwe na yake. Gharama ya kukifuta kisanduku cha Faksi ni kama ifuatavyo: suruali za mafundi, kwa kila nyumba yenye bata; heshima ya Fundi Baridi, ambayo haina kipuri; ndoa ya wale wa bei mbili; na ndoa yangu. Jumla yake imezidi bei ya kuhamisha kanzidata. Imezidi hata bei ya kanzidata yenyewe. Kwa mahesabu yangu ni nafuu zaidi kuuacha mfumo ukae palepale nyuma ya chumba cha chai, na badala yake tuwahamishe wateja waje kuishi karibu nao.

Endapo hilo litaonekana gumu, naomba yafuatayo, na yote yamo ndani ya uwezo wako:

Kwanza, kampuni inunue mashine ya faksi, hata iliyokwisha tumika, hata isiyofanya kazi, iwekwe mezani kwangu. Hapo Bwana Inategemea akiuliza tena kama tunayo, tutasema tunayo, na neno "hakitumiki" litakuwa uongo kwenye waraka rasmi, jambo ambalo najua ofisi yako haiwezi kulivumilia.

Pili, kila mteja mpya aandikiwe barua kumtaka awe na faksi, ili kisanduku kipate uhalali wa kisheria. Wasiotaka, majokofu yao yasubiri.

Tatu, niteuliwe kuwa Mlezi wa Kisanduku. Sitaki nyongeza ya mshahara. Muhuri unatosha.

Nne, na hili ndilo naliomba nikiwa nimepiga magoti nyuma ya dawati, uhamishaji wote wa kanzidata uahirishwe hadi mke wangu amalize sentensi.

Najua litashangaza wajumbe wa bodi. Waelezwe tu kwamba kuna kazi ya kitaalamu inayosubiri taarifa kutoka ghalani, na huo si uongo.

Kabla sijaweka nukta, pokea salamu za watu wote wa huku chini. Dada wa mapokezi anakusalimu na kuuliza kuhusu kiti chake. Fundi Baridi anakusalimu kwa kichwa. Mama wa usafi hakunituma salamu, ila nina hakika hana ubaya na wewe. Nisalimie katibu muhtasi wako, dereva, mlinzi wa ghorofa ya juu, mama watoto, na watoto wote kwa ukubwa na udogo wao. Nami nabaki kuwa yule ninayekaa chini yako, kwa cheo na kwa ghorofa, nikiwa na matumaini,

Mkuu wa Dawati la Wateja

Nakala: Fundi Baridi, kama mhanga.
Mtunza Ghala: asipewe nakala kwa sasa.

NYONGEZA, BAADA YA KUSAINI

Bwana Inategemea amepita hapa nikiwa natafuta bahasha. Nikampa asome barua, ili aone haya. Alisoma yote amesimama, hakucheka. Akaniomba niifungue rekodi ya Mteja wa Majaribio. Nikamwambia humo sasa hivi kuna msamaha wangu wa leo asubuhi, mke wangu bado hajajibu, asome tu, sina cha kuficha. Nikafungua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona maneno yangu mwenyewe baada ya kuyahifadhi, maana sikuzote nikirudi nakuta ya kwake. Kilichokuwemo ni hiki:

"Mke wangu mpendwa, salamu nyingi na za h"

Nikamuuliza mengine yako wapi. Akasema, taratibu kabisa, "Mzee, hiki kisanduku ni cha namba ya faksi. Kinashika herufi arobaini, na nafasi zikiwemo. Ukizidisha, kinakuachia uandike, lakini ukihifadhi kinakata." Nikauliza tangu lini. Akasema tangu kilipotengenezwa. Nikamuuliza basi yale yaliyokatwa, yake na yangu, yanahifadhiwa wapi, na kuyatoa kutagharimu nini. Nilisubiri aseme inategemea. Nilimwombea kwa Mungu aseme inategemea. Akasema, "Hayapo, mzee."

Kwa hiyo kila asubuhi, wiki zote hizi, yeye anafungua pale ghalani, anamkuta mumewe anamsalimia.

Ndugu Mkurugenzi, naondoa malalamiko yote, namba moja hadi tano. Sifuri ya kijana ni sahihi na pengine ni bei ya juu. Kifuteni. Hicho kisicho na kikomo, kama kinaweza kuwashwa leo, washeni leo, na aandike hata habari za viatu, nitasoma. Kazi ya jokofu la nyumbani kwangu nimempa Fundi Baridi, kwa jina langu kamili, watu waseme watakavyo.

Naomba ruhusa ya kutoka sasa hivi. Nakwenda ghalani kwa miguu yangu. Nitaanza na nimekosea. Salamu zitafuata.